Jinsi ya Kuzuia Kulevywa na Bahari Kwenye Meli ya Kitalii

Wasafiri wengi huanza kutafuta dawa pale moyo unapokuwa umeshachafuka, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Mwendo wa meli unapomlevya mtu, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vilivyomo kwenda kwenye utumbo mdogo. Kidonge kinachomezwa saa hiyo hubaki tumboni, hakifiki kwenye damu kwa wakati, na mara nyingi hurudi kwa kutapikwa. Kwa sababu hiyo karibu kila lenye manufaa katika mwongozo huu hufanywa mapema: kabla ya kulipia chumba, kabla ya meli kuondoka gatini, kabla ya mate kuanza kujaa mdomoni.

Ujue kwanza kinachotokea mwilini

Ndani ya kila sikio, ng'ambo ya kiwambo, kuna mirija mitatu iliyopinda yenye majimaji. Kazi yake ni kuhisi kichwa kinavyozunguka. Jirani nayo kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, ambavyo huhisi kupanda, kushuka na kuinama. Ubongo hulinganisha habari hizo na zile za macho, misuli na nyayo. Ukikaa katika chumba kisicho na dirisha bahari ikiwa imechafuka, macho yanasema kuta zimetulia, sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo hushindwa kupatanisha mashahidi hao wawili, na kadiri ugomvi unavyoendelea ndivyo kichefuchefu kinavyopanda.

Kwamba sikio ndilo kiini cha jambo hili, kuna ushahidi mzuri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Majini la Marekani na NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo, waliwashirikisha wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha Gallaudet ambao kiungo chao cha ndani ya sikio kilikuwa kimeharibika. Katika jaribio moja walipelekwa kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, Kanada. Wao hawakupata lolote. Watafiti waliofuatana nao ndio waliougua. Kwa hiyo kulevywa na bahari si uoga wala unyonge. Ni dalili ya sikio lenye afya. Horatio Nelson, amiri wa Uingereza, alisumbuliwa na bahari, na mwanasayansi Charles Darwin aliteseka katika safari yake ya kuzunguka dunia ya 1831 hadi 1836.

Jambo la pili la kujua: si kila mtikisiko humlevya mtu. Mtetemo wa haraka wa injini hauna shida. Kinacholevya zaidi ni kupanda na kushuka polepole, mzunguko mmoja katika sekunde 5 hivi. Meli kubwa za kitalii huwa na mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji. Meli ikiwa inakwenda, mapezi hayo hupunguza mrama, yaani kule kulalia huku na kule, kwa kiasi kikubwa. Lakini hayawezi kufanya mengi pale omo, yaani ncha ya mbele ya meli, inapoinuka na kuzama, au meli nzima inapopandishwa na kushushwa. Anayekuambia meli yenye mapezi hailevyi mtu amesahau nusu hiyo ya mambo.

Wanaopatwa kwa urahisi ni watoto wa miaka 2 hadi 12, wanawake kuliko wanaume, hasa wakiwa wajawazito au siku za hedhi, watu wenye kipandauso, na yeyote ambaye gari au ndege humsumbua. Ukijiona katika kundi hili, usiruke hatua yoyote hapa chini.

Hatua ya 1: Chagua njia na msimu

Njia zilizokingwa na visiwa na milima hazina mawimbi makubwa: fiodi za Norwei, yaani ghuba nyembamba zilizo kati ya milima, kwa mfano, au mlango wa ndani unaopita kati ya visiwa vya pwani ya Alaska na British Columbia. Kinyume chake ni mlango wa Drake, kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, na Ghuba ya Biscay, kati ya Ufaransa na Hispania, wakati wa baridi. Safari ya Karibi kati ya tarehe 1 Juni na 30 Novemba huangukia msimu wa vimbunga. Nahodha atakikwepa kimbunga, lakini mawimbi yake husafiri mamia ya kilomita na kumfikia mtu aliye chini ya anga safi kabisa.

Katika ratiba, hesabu siku za baharini bila bandari. Hapa kuna mtego. Mwili huchukua siku 2 au 3 kuzoea mwendo wa meli. Safari ya siku 3 kwenye bahari ya wazi inaweza kuisha ukiwa ndiyo kwanza unaanza kuzoea, nawe ukarudi ukiamini kwamba bahari si yako. Kwa mara ya kwanza, ni heri safari fupi yenye bandari kila siku, au ndefu ya kutosha mwili kuzoea. Ile fupi ya bahari ya wazi ndiyo ya kuepuka.

Na kadiri meli ilivyo ndefu na nzito ndivyo inavyotulia zaidi. Meli ndogo za kwenda sehemu za barafu hutikisika sana, hata ziwe za kisasa.

Hatua ya 2: Chagua chumba, usikubali kuchaguliwa

Meli inapopigwa na mawimbi ya mbele hucheza kama pembea ya ubao: katikati pametulia, ncha ndizo zinazopaa. Piga hesabu. Meli ya mita 300 ikiinamisha omo kwa digrii 1 tu, ncha yake, iliyo mita 150 kutoka katikati, hushuka mita 2.6. Mtu aliye mita 15 kutoka katikati hushuka sentimita 26. Digrii ileile, meli ileile, lakini mmoja anatapika na mwingine anakunywa chai.

Urefu wa kwenda juu nao una hesabu yake. Meli ikilala ubavu kwa digrii 3, aliye mita 30 juu ya kitovu cha mrama husukumwa upande kwa mita 1.6 hivi, aliye karibu na usawa wa maji huhisi kidogo sana.

Kwa hiyo unatafuta chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, na chenye dirisha. Fungua ramani ya sitaha kwenye tovuti ya kampuni, pima kwa macho urefu wa meli kutoka omo hadi shetri, yaani ncha ya nyuma, kisha tafuta vyumba vilivyo karibu na alama ya nusu. Usitumie lifti kama kipimo, kwa sababu meli kubwa huwa na lifti za mbele, za kati na za nyuma. Vyumba vya omo ndivyo vibaya zaidi. Vya nyuma huongezewa mtetemo na kelele za rafadha, yaani panga zinazozunguka majini kuisukuma meli.

Wengi huuliza: bora baraza ya juu au dirisha la chini? Kwa mtu anayelevywa kwa urahisi, dirisha la chini. Baraza inakupa hewa na upeo wa macho, lakini ukiwa sitaha ya 12 unalipia zaidi ili utikiswe zaidi. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, kikiwa chini na katikati, kinafaa kulala. Hakifai kukaa mchana bahari ikichafuka.

Jihadhari na nauli ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo hukupangia chumba. Unaweza kuangukia popote, pamoja na omo kabisa.

Hatua ya 3: Panga dawa wiki 2 au 3 kabla

Ongea na daktari au mfamasia, umtajie magonjwa yako yote na dawa unazotumia. Kisha ijaribu dawa siku moja ukiwa nyumbani, siku ambayo huendeshi gari. Ni afadhali ujue ukiwa nchi kavu kwamba kidonge fulani hukulaza kwa muda wa saa 10. Vipimo vifuatavyo ni vya mtu mzima mwenye afya; maelezo yaliyo ndani ya paketi na mfamasia ndio wenye kauli ya mwisho. Upatikanaji hutofautiana kati ya nchi na nchi.

*Meklizini.* Miligramu 25 hadi 50, saa 1 kabla ya safari, mara moja kwa saa 24. Husinziza kidogo kuliko nyingi za aina yake. Njia nzuri ni kuimeza jioni ya kuamkia siku ya kupanda meli, ulale na usingizi wake, kisha uendelee kila jioni. Si ya watoto chini ya miaka 12.

*Sinarizini.* Miligramu 30, saa 2 kabla, halafu miligramu 15 kila saa 8 safari ikiendelea. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili.

*Dimenhidrineti.* Miligramu 50 hadi 100, nusu saa hadi saa 1 kabla, ikirudiwa kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi miligramu 400 kwa siku. Inafanya kazi, ila inasinziza, na kuimeza mara nyingi kwa siku huwafanya watu wasahau. Wanaposahau dozi moja bahari ikiwa mbaya, huwa wamechelewa tena.

*Promethazini.* Ina nguvu na inalaza mno. Tunaishauri kwa yule ambaye nyingine zimemshinda, na aimeze usiku. Ni marufuku kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua.

*Kibandiko cha skopolamini*, ambayo pia huitwa haiosini. Hiki hupita kwenye ngozi, kwa hiyo tumbo lililosimama halikizuii. Ndiyo sababu kinasifiwa kwa safari ndefu. Hudumu saa 72. Lakini kina masharti, na kila sharti linalovunjwa lina madhara yake:

- Kibandike angalau saa 4 kabla ya meli kuondoka. Jioni ya jana yake ni bora zaidi. Mahali pake ni nyuma ya sikio, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, jeraha wala mafuta.
- Nawa mikono kwa sabuni mara moja, na tena ukikibandua. Dawa ikibaki kwenye kidole na kidole kikagusa jicho, mboni hupanuka na uoni hufifia kwa saa nyingi. Kila mara kuna msafiri anayefikiri amepata kiharusi kumbe amejifikicha jicho.
- Usikikate vipande. Kimoja tu kwa wakati mmoja. Baada ya saa 72 kibandue, na kama bado unahitaji, bandika kipya nyuma ya sikio la pili.
- Ukibandua, kikunje upande wa gundi ndani na ukitupe mahali ambapo mtoto hafiki. Bado kina dawa.
- Kinakausha mdomo na kupunguza jasho. Kwenye joto kali kaa kivulini, kunywa maji, na ukihisi mwili unachemka bila kutoa jasho, kitoe.

Kibandiko hiki hakimfai mwenye glakoma ya pembe finyu (ugonjwa wa presha ya macho), mwenye shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, wala mtoto. Wazee huweza kuchanganyikiwa wakikitumia. Aliyekitumia siku kadhaa mfululizo anaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu siku moja au zaidi baada ya kukitoa. Hiyo ni athari ya kuacha dawa, nayo hupita.

Usichanganye dawa mbili kati ya hizi kwa kudhani nguvu itaongezeka. Kinachoongezeka ni usingizi, mdomo mkavu na kuchanganyikiwa. Usinywe pombe juu yake. Na usipoteze fedha kwa dawa za mzio zisizolaza usingizi, kama setirizini na loratadini: haziingii kwenye ubongo vya kutosha, kwa hiyo hazizuii kulevywa. Ondansetroni, inayosifika kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani, ni dhaifu katika jambo hili.

Tangawizi je? Utafiti wake umetoa majibu mchanganyiko. Gramu 1 ya unga wake, saa 1 kabla, huwasaidia baadhi ya watu na haiwalazi usingizi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Bangili za kubana kifundo cha mkono nazo zina ushahidi unaopingana. Ukitaka kujaribu, kifungo chake kikae upande wa kiganja, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo, katikati ya mishipa miwili migumu. Bangili hazidhuru. Ila mtu anayelevywa vibaya asitegemee tangawizi wala bangili peke yake.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake za asili. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na kuletwa chumbani baada ya saa kadhaa, wakati mwingine jioni kabisa, meli ikiwa imeshafika bahari ya wazi.

Hatua ya 4: Siku ya kupanda

Lala vya kutosha usiku uliotangulia. Aliyechoka hulevywa upesi. Acha pombe tangu jana yake, kwa sababu pombe huingia hadi kwenye kile kiungo cha sikio na kuvuruga vipimo vyake, na uchovu wake wa asubuhi ni kichefuchefu kingine juu ya kichefuchefu.

Ukifika chumbani, fanya kazi zote za kuinama meli ikiwa bado gatini: fungua mabegi, panga nguo, weka viatu, soma makaratasi. Kuinama kwenye sanduku huku sakafu inacheza ni njia ya mkato ya kuugua. Oga wakati huohuo pia, maana bafu la meli ni dogo, halina dirisha na limejaa joto. Tafuta mifuko ya kutapikia ilipo, na uweke miwili mfukoni. Kisha tembea hadi ujue njia ya kutoka chumbani kwako kwenda sitaha ya wazi iliyo chini zaidi, katikati ya meli. Hapo ndipo mahali pako pa kukimbilia.

Hatua ya 5: Saa 48 za kwanza baharini

Hizi ndizo za kulinda kuliko zote, kwa sababu mwili ndio unajifunza.

Kaa nje, katikati, ukitazama mbele kwenye mstari ambapo bahari na mbingu hukutana. Mstari huo ndio kitu pekee kisichotikisika, na jicho likiutazama huanza kukubaliana na sikio. Usitazame mawimbi yaliyo karibu na ubavu, wala povu linalokimbia chini yako. Simama miguu ikiwa imeachana, magoti yamelegea, uuache mwili ufuate meli badala ya kujikaza kuipinga. Kukaza shingo na mabega huchosha na hakusaidii. Unapotembea shika reli kwa mkono mmoja kila wakati.

Punguza kugeuzageuza kichwa. Kila unapogeuka ghafla meli ikiwa inapanda, mirija ya sikio hupata mizunguko miwili kwa mpigo. Ukitaka kutazama upande, geuza mwili mzima, polepole.

Simu na kitabu ndivyo vinavyowaangusha watu wengi. Macho yakikaa kwenye maandishi yaliyotulia mkononi, ule ugomvi wa macho na sikio hufika kileleni. Bahari ikiwa imechafuka, soma kwa dakika chache tu, au usikilize badala ya kusoma. Muziki unaoupenda una faida ya kweli. Ukumbi wa maonyesho wa meli nyingi uko mbele, karibu na omo, tena hauna madirisha. Usiku wa mawimbi, uache.

Epuka harufu: moshi wa injini unaoshuka nyuma, jikoni, sigara, manukato mazito. Na kama umeketi na mtu anayetapika, ondoka bila haya. Kumtazama tu kunatosha kukuanzisha.

Fuatilia hali ya bahari. Nahodha wa meli nyingi hutangaza kila siku urefu wa mawimbi na upepo. Kumbuka kwamba namba ya utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ukiambiwa mita 3, wimbi moja moja linaweza kukaribia mita 6. Uliza pia yanatoka wapi. Yakitoka mbele, omo itapaa na kuzama, nawe kaa katikati kabisa. Yakitoka ubavuni, meli itakwenda mrama, nawe shuka sitaha za chini. Ukisikia bahari itachafuka usiku, meza dawa mchana.

Hatua ya 6: Kula na kunywa

Tumbo tupu linalevywa sawa na tumbo lililoshiba kupita kiasi. Kula kidogo kila baada ya saa 2 au 3, chakula chepesi chenye wanga na mafuta kidogo: biskuti kavu, mkate, wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ndizi. Meza za vyakula vya kujipakulia bila kikomo ni jaribu kubwa siku ya kwanza. Ziache zikusubiri hadi siku ya tatu. Kunywa maji kwa mafunda madogo siku nzima. Asubuhi, kula biskuti mbili ukiwa bado umelala, dakika 15 kabla ya kuinuka.

Hatua ya 7: Dalili ya kwanza ikitokea

Kichefuchefu si dalili ya kwanza. Hutanguliwa na kupiga miayo, usingizi usio na sababu, kukaa kimya, uso kupauka, jasho jembamba la baridi na mate kuongezeka. Jifunze dalili yako na uichukulie hatua papo hapo, kwa mpangilio huu:

1. Acha unachofanya, hasa kama unasoma. Usimalizie ukurasa.
2. Toka nje, katikati ya meli, upande usiopigwa na upepo mkali, na utazame upeo wa macho. Hewa baridi usoni husaidia.
3. Pumua kwa tumbo: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5 au zaidi. Kupumua hivi hutuliza kichefuchefu kwa watu wengi, na hakuna gharama.
4. Ikiwa huwezi kutoka nje, usibaki katikati ya njia mbili kwa kukaa chumbani macho wazi. Lala chali, kichwa kimetulia kwenye mto, funga macho. Jicho lililofungwa halibishani na sikio.
5. Ikiwa umebakiwa na dozi ya dawa na muda wake umefika, imeze sasa na maji kidogo.

Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia chooni na kujiinamia humo. Chumba kidogo kisicho na dirisha, kichwa kikiwa chini, ndiyo hali mbaya kuliko zote. Chukua mfuko uende nao nje.

Hatua ya 8: Ikiwa umeshaanza kutapika

Achana na vidonge vya kumeza. Mwone daktari wa meli, ambaye anaweza kukudunga sindano, na sindano haihitaji tumbo. Usisubiri usiku wa pili.

Baada ya kutapika, pumzisha tumbo kwa dakika 15 hadi 30, kisha anza kunywa mmumunyo wa chumvi na sukari, kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika chache, ukiongeza taratibu. Beba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Ukizikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vyote vikiwa vya kupimwa bila kurundika. Usizidishe chumvi.

Kutapika huondoa pia dawa nyingine. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, kihesabu kama hukukimeza na ufuate maelezo ya paketi. Mwenye kisukari, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari mapema, kabla ya kukosa dozi mbili.

Na usidhani kila kutapika baharini ni bahari. Ikiwa kuna kuhara, homa au maumivu ya misuli, au bahari ni shwari nawe unatapika, huenda ni virusi vya noro, ambavyo huenea haraka sana melini. Baki chumbani, piga simu kwa kituo cha matibabu, na unawe mikono kwa maji na sabuni. Jeli ya kileo peke yake haiviui vizuri. Kuumwa kichwa kikali, kutapika damu, mkojo mchache wenye rangi nzito, kuchanganyikiwa, au kushindwa kabisa kubakiza maji kwa saa 24: hayo yote ni ya daktari mara moja.

Watoto na wajawazito

Watoto walio chini ya miaka 2 hulevywa mara chache. Kuanzia hapo dozi hupimwa kwa umri. Dimenhidrineti, kwa mfano, kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 ni miligramu 12.5 hadi 25 kila baada ya saa 6 hadi 8, na wa miaka 6 hadi 11 ni miligramu 25 hadi 50, baada ya kuthibitishiwa na mfamasia. Usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Baadhi ya watoto hucharuka badala ya kusinzia, sababu nyingine ya kujaribu nyumbani. Mtoto hajui kusema moyo unamchafuka; ukiona amenyamaza na kuacha kucheza, mtoe nje.

Mjamzito asinunue dawa yoyote bila ushauri wa daktari wake. Aulize pia kanuni ya kampuni kuhusu umri wa mimba, kwa kuwa kampuni nyingi hazimpokei aliyefikisha wiki 24.

Boti ndogo, na baada ya kushuka

Bandari nyingine hazina gati la kutosha, na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Meli ikiwa imetia nanga, mapezi yake hayana kazi kama ikiwa mwendoni, na boti hurukaruka zaidi. Hapo wengi waliokaa salama siku nne huugua katika dakika 20. Shuka na boti za mwanzo ili usisubiri ndani ya boti iliyofungwa ubavuni mwa meli, keti karibu na uwazi, na utazame ufuo.

Ukishafika nyumbani, ardhi inaweza kuendelea kukuyumbia, hasa ukiwa umesimama bafuni au umefumba macho. Ubongo uliozoea meli unajifunza upya nchi kavu. Kwa kawaida hali hiyo huisha katika saa chache hadi siku 2; tembea, pata usingizi, na usiendeshe gari hadi itulie. Ikiendelea zaidi ya mwezi, mwone daktari wa masikio au wa mishipa ya fahamu, na umweleze bayana kwamba ilianza baada ya safari ya meli, maana bila habari hiyo ni vigumu kuitambua.